Mkwe wa Nyuma ya Pikapu

Mama aliponipigia simu kusema kwamba pikapu ya baba inauzwa chuma chakavu, sikuanza na huzuni. Nilianza kwa kuuliza nani mwingine ameambiwa. Akasema Damari anajua tangu wiki iliyopita, na ndiye aliyemtafuta mnunuzi. Nikajibu haya, nikaaga vizuri, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda, mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimevimba kama andazi. Damari ni dada yangu. Ananizidi miaka miwili tu, na sijawahi kupata habari ya nyumbani ambayo haikupitia kwake kwanza.

Niseme mapema tusidanganyane: haya ni maandishi ya mtu mwenye wivu. Wenzangu wa umri wangu wakikumbuka utoto husimulia mito waliyoogelea na matunda waliyoiba. Mimi nakumbuka nani alikaa wapi.

Nilifika nyumbani baada ya siku mbili, nikamwamkia mama, nikapitiliza hadi kwenye banda la mabati nyuma ya jiko. Gari lilikuwa palepale baba alipoliegesha mara ya mwisho kabla hajaugua. Matairi yameisha upepo, kuku wanatagia kwenye kiti cha abiria. Nikavuta mlango wa dereva, ukalia, na harufu ikanipokea: vumbi, majani ya kabichi ya miaka mingi, mpira wa waya ulioungua, na harufu ya ubavu wa kiberiti. Kwenye dashibodi bado ilikuwapo ile swichi nyeupe ya ukutani, ya kuwashia taa ya chumbani, imekazwa kwa skrubu mbili zisizofanana. Nikaibonyeza juu, nikaibonyeza chini. Mlio wake ni uleule. Damari alikuwa bado hajafika, nikashukuru, kwa sababu nilitaka niwe na gari hilo peke yangu angalau nusu saa.

Baba hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, sisi tukikaa huku juu kabisa ya Lushoto mjini, na pikapu aliinunua kwa mtu ambaye tayari ilikuwa imemchosha. Injini haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni swichi. Leo taa kubwa hazitii, kesho honi imekuwa bubu, keshokutwa wipa zinasimama katikati ya kioo mvua ikiwa ndiyo inaanza. Swichi ya dukani ilikuwa ya kuagizwa mbali na bei yake ilimfanya baba acheke kwa uchungu. Kwa hiyo alizitibu mwenyewe. Alituambia kwamba swichi si kitu cha ajabu, ni vipande viwili vya shaba vinavyopeana mkono, na visipopeana, ama vimechoka ama kuna uchafu katikati. Alifungua kifuniko, akavisugua kwa ubavu wa kiberiti mpaka ving'ae, akavirudisha. Ndiyo maana nyumbani kwetu njiti zilikuwapo tele lakini viberiti vyote vilikuwa vipara. Mama alikuwa akiwasha moto kwa kinga cha moto alichokibeba kutoka kwa jirani, akisema njia nzima ya kwenda na kurudi kwamba gari linamla.

Shaba zikishakuwa za kutupwa, baba alitafuta mbadala. Hiyo swichi ya ukutani ilichukua kazi ya taa kubwa. Honi ilikuwa ikipigwa kwa kitufe cha kengele ya mlangoni, kimegandishwa kwa gundi kando ya gia, wakati kijijini kwetu hapakuwa na nyumba hata moja yenye kengele; mgeni anapiga hodi na anasikika. Wipa zilitegemea njiti ya kiberiti: mvua ikinyesha anaichomeka, ikikatika anaichomoa. Watu waliopewa lifti waliogopa kugusa chochote. Lakini gari lilikwenda, na kwenye kona za kushuka Soni hadi Mombo, honi ile ya kitufe cha mlangoni ilikuwa ikilia kila kona kama inavyotakiwa.

Tiba zote hizo zilihitaji majaribio, na majaribio yalihitaji watu watatu. Baba alilala chali, kichwa chini ya usukani, miguu ikining'inia nje ya mlango. Wa pili alikaa kwenye kiti cha dereva kukanyaga na kubonyeza. Wa tatu alisimama nje kusema kama taa imewaka. Wa kwenye kiti alikuwa Damari. Wa nje nilikuwa mimi. Na kwa kuwa betri ilikuwa dhaifu, injini iliachwa ikiunguruma, moshi wote ukanijia mimi niliyesimama nyuma ya bomba na kandambili zangu kwenye tope.

Nilimsikia baba akisema, "Kanyaga, mama," kwa sauti ya chini, ya karibu. Halafu akipaza kwa ajili yangu: imewaka? Nami nikapaza kwamba imewaka, au haiwaki. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na baba yangu, maneno mawili, gari zima likiwa katikati yetu.

Hilo la "mama" lina asili yake. Damari alipewa jina la mama mzaa baba, kama desturi ilivyo, na baba akamwita mama tangu siku ya ubatizo. Hakumchapa hata mara moja. Nani amchape mama yake? Mimi nilipozaliwa ikawa zamu ya upande wa pili, nikapewa jina la mama mzaa mama. Kwa hiyo baba aliniita mkwe. "Mkwe wangu ameamka?" "Mkwe, niletee maji." Watu wazima walicheka, ulikuwa utani mzuri. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona baba anavyomfanyia mkwe wa kweli.

Bibi yule akija kututembelea, baba alitoka kwenye njia akasimama pembeni, kofia mkononi, mpaka apite. Hakuketi naye chumba kimoja. Hakumpa mkono. Siku moja tulimpeleka hospitali kwa pikapu hiyohiyo, mimi nikiwa nimepakatwa na bibi dirishani, mama katikati, baba kwenye usukani. Njia nzima baba alizungumza na bibi kwa kupitia kwa mama. "Muulize mama kama upepo unamsumbua," alisema, na bibi yuko pale, kwa umbali ambao ningeweza kuwagusa wote wawili kwa mikono yangu. Mama akauliza, bibi akamjibu mama, mama akamjibu baba. Nikapiga hesabu zangu. Mkwe ni mtu ambaye baba hataki awe karibu. Kumbe ndiyo maana Damari anakaa ndani na mimi nasimama nyuma. Si kwa sababu ya umri wala urefu wa mguu. Ni jina.

Nilimwendea mama nikamwomba anibadilishie. Nilisema nataka jina ambalo si la mtu yeyote. Mama alicheka mpaka akatafuta kigoda, akasema yeye aliolewa na mwanamume mmoja tu, sasa anaishi na mwanamume huyo, mama yake, na mama mkwe wake, na kati yao hakuna anayejua kuosha sufuria. Sikumweleza zaidi. Nikarudi kuosha sufuria.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, pikapu imejazwa kabichi tangu asubuhi, na chini Mombo kulikuwa na mnunuzi mwenye lori ambaye angesubiri mpaka saa kumi, zaidi ya hapo anaondoka na za watu wengine. Wakati wa chai baba alikuwa ametangaza kwamba leo atashuka na mama. Damari akavaa gauni la kanisani na sweta la shule juu yake. Mimi sikuwahi kufika Mombo. Nilijua kwa kusikia tu kwamba kuna joto mpaka watu wanalala bila blanketi, na kuna barabara kuu yenye mabasi yasiyokwisha. Nilijua pia kwamba Damari angerudi na simulizi za kunimalizia mwezi mzima.

Walipotaka kuondoka, taa za breki zikagoma kuzima. Swichi ya breki imejificha juu ya pedali: pedali ikiwa imetulia hukibana kichwa chake, taa zinazima, ukikanyaga, kichwa kinachomoza, taa zinawaka. Kwenye pedali kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki cha kukibana kichwa hicho, na siku hiyo kilisagika kwa uzee likabaki tundu tupu. Taa zikawaka moja kwa moja, na kwa betri ile, huo ulikuwa msiba. Baba akasema anahitaji kitu kidogo, kigumu, bapa. Hajamaliza kusema, Damari ameshakwanyua kifungo cha sweta lake na kumpa. Baba akakipitishia waya, akakikaza kwenye lile tundu, akasema mama ameokoa safari.

Nikaangalia sweta langu, ambalo lilikuwa la Damari kabla halijawa langu. Vifungo vyangu vyote vilikuwapo na hakuna aliyevitaka.

Nikaenda nyuma kama kawaida. Baba akauliza kama zimezima. Zilikuwa zimezima, nikasema hivyo. "Kanyaga, mama." Taa mbili nyekundu zikawaka mbele ya uso wangu, zote mbili, safi kabisa.

"Haiwaki," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Nilidhani atalaani kidogo, aahirishe, Damari avue gauni lake, yaishe. Sikujua kwamba baba si wa kuahirisha. Akafungua swichi nzima, akasugua shaba, akarudisha. Imewaka? Haiwaki. Akafuata waya kutoka mbele hadi nyuma kwa kidole, akakata palipochakaa, akaunga, akafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Imewaka? Haiwaki. Kila mara zilikuwa zinawaka. Uongo wa kwanza ulikuwa mtamu, wa pili haukuwa na ladha yoyote, na kuanzia wa tatu nilikuwa nautoa kwa sababu tu sikuona namna ya kuurudisha. Nilianza kuomba moyoni kwamba zizime kweli, ili niwe nimesema kweli.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni Damari alipochoka. Nilimsikia akimwambia baba kwamba mguu wake umekufa ganzi, na labda aende nyuma akaangalie mwenyewe.

"Niangalie nini," baba akasema kutoka chini ya usukani, "na mkwe yuko huko?"

Aliyetumaliza ni Mama Eliya, jirani yetu, aliyekuwa anapanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alisimama, akamsalimia baba Kishambaa, salamu zote bila kuruka hata moja, kama alivyokuwa akifanya. Ndipo akamwambia kwamba atamaliza betri kwa kuchezea hizo taa, maana yeye ameziona zikiwaka na kuzima tangu alipokuwa kule mtoni, hata akadhani kuna mtu anamwita.

Baba akajitoa taratibu. Akaja nyuma. Damari, ambaye hakuwa amesikia, alikuwa bado amekanyaga, na wekundu wa taa ulikuwa umeenea kwenye ukungu mpaka kwenye mikono yangu. Baba alizitazama taa, akanitazama mimi. Mama angekuwa pale ningekuwa nimeshachumiwa fimbo. Yeye hata kuuliza kwa nini hakuuliza. Mafuta meusi yalikuwa yamempaka shavu na alionekana mzee.

"Mkwe," alisema, "mimi siwezi kuwa chini ya usukani na nyuma ya gari kwa wakati mmoja."

Akaenda kunawa mikono. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Damari aliingia ndani na gauni lake akalia kwa sauti, na mimi nilibaki nimesimama nyuma ya gari kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Kabichi zile baba aliziuza gulioni kwa bei ya kutupa, majani ya nje yameshaanza kunyauka. Mombo alishuka wiki iliyofuata peke yake. Mtu wa kukaa mbele hakuwapo kabisa.

Nilisubiri adhabu, haikuja. Kilichonitisha zaidi ni siku ambayo swichi ingeharibika tena. Niliwaza atamweka nani. Nilichukia kusimama kwenye ule moshi kuliko kitu chochote, na bado nilikosa usingizi kwa kuwaza kwamba hatanisimamisha tena. Anayeelewa wivu ataelewa na hilo.

Haikuchukua mwezi. Nilikuwa nachambua maharage ya makande niliposikia naitwa. Mkwe, njoo nyuma. Nikaenda. "Kanyaga, mama." Imewaka? Nikasema ya kulia tu. Akauliza kama nina hakika ya kushoto haina hata kidogo, nikasema haina. Akashughulika na waya kwa muda. Sasa je? Nikasema zote mbili. Nilisubiri aje kuangalia. Nilijisogeza pembeni kabisa ili apate nafasi. Hakuja. Nikasikia kifuniko kinafungwa, bisibisi zinarudishwa kwenye kopo, na alasiri ileile alishuka kona zote za Soni na kabichi nyuma, kwa neno langu.

Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba hata baada ya yote yale nimerudishwa kwenye moshi, na Damari amerudishwa kwenye kiti, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe, ya maisha. Nimeishi na hasira hiyo muda mrefu. Baba alipougua, Damari ndiye aliyekuwa akimlisha, nikamwonea wivu hata kijiko.

Damari alifika na mnunuzi mchana, akanikumbatia, akanikuta bado nimekaa kwenye kiti cha dereva. Akasema alitaka kunipigia mwenyewe lakini mama alikataa, alitaka aniambie yeye. Nikamjibu, nikijifanya nafanya utani, kwamba kwa kuwa leo ni siku ya mwisho nimeamua nami nikae mahali pake, mahali pa mama.

Hakucheka. Alikigusa kile kiti.

"Unajua alivyokuwa ananifanyia hapo?" akasema. "Alikuwa ananishika kifundo cha mguu, anausukuma mwenyewe. Mama kanyaga, mama achia, mama usilale. Hata kukanyaga hakuniamini. Wewe alikuwa anakuuliza tu, unasema, imeisha. Siku ile ulipotudanganya nilimwambia aweke mtu mwingine nyuma, amweke hata Mama Eliya. Akasema nyuma pana mtu wake. Nilikuchukia mwaka mzima."

Nilikuwa nimezoea kuwa mimi peke yangu ndiye mwenye wivu katika nyumba ile. Kugundua kwamba hata huo tuligawana, na kwamba na yeye alikuwa amekaa pale kwenye kiti akinionea wivu, kulinichoma na kunifariji kwa pamoja. Nilimwambia asogee tukitazame kile kifungo. Tukainama wote wawili, vichwa vinagongana, tukamulika kwa simu. Kilikuwapo bado, kimekaza kwenye pedali, kimeliwa upande mmoja.

Mnunuzi akakohoa. Alikuwa ameshaandaa mtungi wake wa gesi ya kukatia chuma na alitaka kujua kama tumemaliza. Damari akamwomba dakika moja. Akamfukuza kuku, akaniondoa kwenye kiti kwa bega kama tulivyokuwa tukisukumana zamani, akakaa, akanyoosha mguu. Nikaelewa. Nikazunguka gari nikasimama mahali pangu.

Taa ya kushoto haikuwa na kioo, buibui ameshajenga humo. Ya kulia ilikuwa imejaa vumbi. Betri yenyewe ilitolewa mwaka ule baba alipofariki.

"Imewaka?" Damari akapaza sauti.

"Imewaka," nikasema. "Zote mbili."

Akashuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akamwambia mnunuzi aanze. Hakuja nyuma kuangalia.